Ladha ya Boksi

Pizza ya kwanza niliyoipika Marekani niliipika pamoja na boksi lake. Si boksi lote. Lile la nje nililitupa. Nazungumzia kile kipande cha duara cha kadibodi kinachokaa chini ya pizza ndani ya nailoni. Nilikiona kimekatwa sawasawa na ukubwa wa pizza, nikajua ndiyo sahani yake. Ilikuwa Januari, mwaka wangu wa kwanza Minneapolis, nimerudi kutoka zamu ya usiku, nje baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Robo saa haijaisha, king'ora cha moshi kikawa kinalia jengo zima. Majirani walitoka na makoti juu ya nguo za kulalia, mmoja kakumbatia paka wake, na wazima moto watatu wakapanda hadi ghorofa ya pili kumkuta mwanamke wa Tanga amesimama mbele ya oveni na upawa mkononi. Mkubwa wao aliinama, akachungulia, akacheka kimyakimya. Walipoondoka nikaila. Juu ilikuwa imeiva na njaa ilikuwa inauma. Chini ilikuwa na ladha ya boksi, na kosa nikalibeba mwenyewe.

Imepita miaka 15. Nimekula nyingi za friza tangu siku ile, kadibodi naitoa kwa mikono yangu miwili, na bado ladha ile hunirudia mara kwa mara. Kwa hiyo mgeni mpya akiuliza kwenye kundi letu la WhatsApp, "Jamani, hizi pizza za barafu za supamaketi zinafaa au ni kutupa hela?", mimi huwa sina jibu la neno moja. Wenzangu hujibu upesi: zinafaa, hazifai, nunua kuku. Mimi humuuliza kwanza anataka kununua ya namna gani, maana ladha ya boksi ina historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilitokea mitaa michache tu kutoka kazini kwangu.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee upande wa Northeast, ng'ambo ya mto Mississippi ukitokea katikati ya mji. Zamani upande huu ulikuwa wa wahamiaji kutoka Poland, Ukraine, Slovakia na Italia, watu wa viwanda vya unga, reli na bia. Leo ukipita Central Avenue utaona bucha za nyama halali na vibao vya Kihispania. Bibi mmoja niliyekuwa nikimhudumia, umri umeshapita 90, alikuwa hakumbuki alichokula mchana, lakini pizza aliyokula Central Avenue na mchumba wake enzi za usichana aliikumbuka vizuri. "Tulikuwa hatujui inaliwaje," aliniambia nikimfunga vifungo vya sweta. "Yeye akaomba uma. Mimi nikaikunja." Mgahawa ule ulikuwa wa Rose na Jim Totino.

Rose alizaliwa 1915, jina la kwao Cruciani, binti wa wahamiaji wa Kiitaliano. Akiwa na miaka 16 aliacha shule akaenda kufanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu. Mwaka 1934 aliolewa na Jim, mwoka mikate. Alikuwa na kawaida ya kuoka pizza ndogondogo za kupeleka kwenye mikutano ya wazazi na shughuli za watoto, na watu wakawa wanamuuliza zinauzwa wapi. Hazikuwa zinauzwa popote. Basi yeye na mumewe wakaenda benki kuomba mkopo wa dola 1,500 wafungue mgahawa, wakakuta mabwana wa benki hawaijui pizza ni kitu gani. Bi Rose akaoka moja, akawapelekea wale. Mkopo ukatoka, na mwaka 1951 mlango ukafunguliwa Central Avenue. Nia yao ilikuwa watu wanunue na kuondoka, lakini wateja walitaka kukaa, ikabidi zitafutwe meza.

Hadithi hiyo ya benki huwa naisimulia kila nikipata nafasi, hasa kwa akina mama wa huku wanaouza maandazi na sambusa wakidhani biashara yao haina hadhi ya kupelekwa benki.

Kwa nini pizza ya barafu ikulie hapa, na si New York kwenye Waitaliano wengi? Tazama kilichoko jirani. Maporomoko ya maji ya Saint Anthony, katikati ya mji, ndiyo yaliyokuwa yakisaga ngano ya tambarare za kaskazini, na tangu miaka ya 1880 kwa takriban nusu karne Minneapolis ilikuwa mji mkuu wa unga duniani. Kampuni za unga za Pillsbury na General Mills zote zimetoka ukingoni mwa mto Mississippi. Ukivuka mpaka wa mashariki uko Wisconsin, nchi ya ng'ombe wa maziwa na jibini. Unga upo, jibini ipo. Na baridi, hiyo hata sina haja ya kuieleza.

Lakini baridi ya kuganda ni elimu yake. Bwana mmoja Clarence Birdseye alikwenda Labrador, mashariki mwa Kanada ya leo, mwaka 1912 kwa biashara ya ngozi, akawaona Wainuit wakivua samaki kwenye barafu. Samaki aliganda mara tu alipotolewa majini, na alipopikwa miezi baadaye alikuwa kama wa leo. Siri ilikuwa kasi. Chakula kikiganda polepole, maji yaliyomo hujikusanya yakawa vipande vikubwa vya barafu vinavyochana nyama au mboga kwa ndani. Kikiganda haraka, vipande hubaki vidogo visivyodhuru. Mwaka 1930 vyakula vyake vilivyogandishwa vilianza kuuzwa madukani Springfield, Massachusetts. Samaki, nyama, njegere, matunda, vyote vilikubali.

Pizza ilikataa. Hapa naomba msomaji anisikilize kama mtu aliyelelewa na mfunga sambusa. Mama yangu, pale Ngamiani, Tanga, huanza kufunga sambusa za Ramadhani wiki mbili kabla ya mwezi kuandama na kuzijaza kwenye friza. Sheria yake ni moja: nyama ikauke. Anaikaanga hadi mwiko ukwaruze sufuria, kisha anaitandaza kwenye sinia ipoe, na ole wako uguse manda kabla nyama haijapoa. Manda ikinyonya maji ya nyama, sambusa ikitoka friza na kuingia kwenye mafuta hupasuka, au hubaki laini kama kitambaa kilicholowa. Sasa fikiria pizza, ambayo chini ni mkate mkavu na juu yake umemwagiwa rojo la nyanya. Kabla ya kuganda rojo linashuka kwenye mkate. Kwenye oveni barafu inayeyuka, linashuka tena. Mkate unalowa, halafu joto linaukausha ukiwa umeshapoteza uhai wake. Unachotafuna ni boksi.

Wengi walipambana na maji hayo. Joseph Bucci wa Philadelphia aliomba hataza ya namna ya kutengeneza pizza ya kugandishwa mwaka 1950, akapewa 1954, na hoja yake kubwa ilikuwa hiyohiyo, kuzuia rojo lisipenye kwenye mkate. Akina Totino waliingia kwenye biashara ya kugandisha mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kiwanda chao kikawa St. Louis Park, kitongoji cha Minneapolis. Walianza na vyakula vya tambi, havikwenda. Mwaka 1962 wakatoa pizza ambayo mkate wake ulikuwa umeshaokwa, na ndani ya miaka michache ikawa miongoni mwa zinazouzwa zaidi nchini. Mwaka 1975 Pillsbury waliinunua kampuni kwa dola milioni ishirini na kitu, na Bi Rose, aliyeacha shule akasugue sakafu za watu, akawa mwanamke wa kwanza kuwa makamu wa rais katika kampuni hiyo.

Cheo hakikumziba mdomo. Ni yeye mwenyewe aliyekuwa akisema wazi kwamba mkate wa pizza yao una ladha ya kadibodi. Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza, kwenye maktaba, nilicheka hadi mtu wa meza ya pili akageuka. Kumbe sikuwa peke yangu! Mwenye mali yake aliijua ladha ile kabla mimi sijazaliwa.

Dawa waliyoipata yeye na wataalamu wa Pillsbury ilipewa hataza mwaka 1979, na jina la Rose limo kati ya wavumbuzi wake. Badala ya kuuoka mkate wa chini, waliukaanga. Kinyunya kinasukumwa kiwe chembamba, kinakatwa, kinapita kwenye mafuta ya moto kwa muda mfupi. Maji ya juu yanaruka yakawa mvuke, mafuta yanakaa mahali pake, na vinatokea vile vipovu tunavyoviona kwenye chapati ikiumuka. Rojo likija juu linakuta nafasi imeshachukuliwa na mafuta. Chukua leo pizza nyembamba ya aina hiyo, igeuze kabla hujaiweka kwenye oveni, upitishe kidole chini: utahisi vijibonde na mafuta kidogo, kama upande wa pili wa chapati ya maji. Ikiiva na kuvunjwa inatoa mlio. Si mkate tena, ni kitu kati ya biskuti na papadi. Mama alipokuja kunitembelea nilimpa kipande bila kumweleza chochote. Akatafuna, akatazama dirishani, akasema, "Hii imekaangwa." Nikamwambia, "Ndiyo, mama." Akasema, "Sasa wanadanganya nini kwamba ni mkate?"

Wakati Bi Rose anahangaika na mafuta, wengine walikuwa wanauza pizza mahali ambapo ladha ya boksi haikumkera mtu. Medford ni mji mdogo kaskazini mwa Wisconsin. Huko familia ya Simek ilikuwa na baa iliyotazamana na makaburi, na kwa utani wakaiita Tombstone Tap, yaani baa ya jiwe la kaburi. Husimuliwa kwamba mmoja wa ndugu, Pep, alivunjika mguu akicheza twisti, akabaki jikoni akichanganya viungo vya pizza. Kuanzia 1962 wakawa wanatengeneza pizza ndogo na kuzipeleka kwenye baa nyingine. Wateja wao walikuwa wenye baa wasio na jiko: kijioveni cha umeme juu ya kaunta, friza chini yake, basi. Mnywaji akiona njaa anapata chakula bila mpishi kuajiriwa. Nimewahi kuingia kwenye baa ya namna hiyo, si kunywa bali kumchukua mwenzangu ambaye gari lake lilikuwa limekataa kuwaka, na kijioveni nimekiona kwa macho yangu kikipasha pizza saa tano za usiku. Watu wale hawakuwa wakiilinganisha na pizza ya Napoli kule Italia. Walikuwa wakiilinganisha na njaa. Kampuni ya vyakula ya Kraft iliinunua Tombstone mwaka 1986.

Na mashamba nayo yalikuwa na mtu wake. Marvin Schwan wa Marshall, kusini-magharibi mwa Minnesota, alianza mwaka 1952 kwa kupeleka aiskrimu nyumba kwa nyumba kwa wakulima, kwenye gari kuukuu alilolinunua dola 100. Magari yake ya manjano yakawa yanajulikana hadi kwenye njia za vumbi. Baadaye aliongeza pizza, akanunua kampuni ya Tony's ya Kansas mwaka 1970, na 1976 akatoa pizza ya Red Baron. Vilevile akaingia kwenye mikahawa ya shule, na huko ndiko pizza ya barafu ilikopata wateja wasio na hiari. Watoto wangu wawili wameikulia huko, ile ya pembe nne. Mwaka 2011 Wizara ya Kilimo ilitaka nyanya ya kopo ihesabiwe kwa kipimo chake halisi, maana kwa hesabu ya zamani vijiko viwili vya nyanya juu ya kipande cha pizza vilihesabiwa kama nusu kikombe cha mboga. Viwanda vilipinga, kampuni ya Schwan ikiwamo, na Bunge likaizuia wizara. Magazeti yakaandika kwamba Bunge limeigeuza pizza kuwa mboga. Tangu 2019 kampuni hiyo ya Schwan iko mikononi mwa kampuni ya Kikorea ya CJ.

Jeno Paulucci wa Duluth, Minnesota, nampitia haraka, ingawa anastahili kitabu. Mtoto wa wahamiaji wa Kiitaliano kutoka eneo la migodi ya chuma, alitajirika kwanza kwa chakula cha Kichina cha makopo, kisha akajaza vitu vya pizza ndani ya manda za kukunja za Kichina, ndugu wa sambusa hao. Mapema miaka ya 1980 alihamishia uzalishaji Ohio na Duluth ikapoteza mamia ya kazi. Mwaka 1985 akawauzia Pillsbury, na vile vipande vyake leo vinauzwa kwa jina la mshindani wake, Totino.

Nirudi kwenye friza la supamaketi, maana mgeni wangu wa WhatsApp bado anasubiri jibu.

Kama wewe ni Mwislamu, anza na muhuri. Marekani wamegawa ukaguzi wa pizza kwa namna inayochekesha: yenye nyama hukaguliwa na Wizara ya Kilimo, ya jibini tupu iko chini ya mamlaka ya chakula na dawa. Kwa hiyo boksi la pizza yenye nyama, likivuka asilimia ndogo iliyowekwa, huwa na muhuri mdogo wa duara wa wizara. Mimi jicho langu hukimbilia muhuri huo kabla ya picha. Ukiuona, rudisha, hadi usome nyama gani, na pepperoni ya kawaida ina nguruwe. Usipouona, soma jibini. Miaka ya 1970 na 1980 jibini ilipokuwa ghali viwanda kadhaa vilitumia ya bandia, iliyoundwa kwa protini ya maziwa na mafuta ya mimea, na nyingi za bei ya chini bado zinayo. Imeandikwa, ila kwa herufi za kumtafutia mtu miwani.

Halafu kuna zile nene. Mwaka 1995 Kraft walitoa DiGiorno, pizza ambayo kinyunya chake hakijaokwa, kinaumuka ndani ya oveni yako. Matangazo yake yalicheza na wazo moja, kwamba mgeni ataidhani imeletwa kutoka mgahawani. Ulikuwa ufundi wa kweli: mkate mbichi ukiokwa pamoja na rojo hauna muda wa kulowa mara mbili. Biashara ikakua kiasi kwamba mwaka 2010 Nestlé waliilipa Kraft dola bilioni 3.7 kwa pizza zake zote, Tombstone na DiGiorno pamoja. Tangu hapo kila supamaketi ina rafu ya pizza za kujifanya zimetoka mgahawani: picha ya oveni ya kuni kwenye boksi, jina la Kiitaliano, na hivi karibuni unga wa koliflawa. Bei yake dukani ninaponunua ni dola nane hadi kumi. Nimezila za aina nne na nimezipikia wageni. Mbili zilikuwa nzuri. Mbili zilikuwa na ladha niliyokutana nayo Januari ile, kwa bei mara nne.

Na kwa dola kumi, hapohapo Central Avenue, unapata sahani ya wali na mbuzi inayotosha watu wawili.

Kwa hiyo jibu langu kwa mgeni ni hili. Nyembamba iliyokaangwa, ya dola mbili na senti zake, ya jibini tupu: nunua, weka tatu kwenye friza. Ni chakula cha mtu aliyetoka zamu saa moja asubuhi na hana nguvu ya kukata kitunguu. Mimi huiongezea kitunguu na pilipili mbuzi siku ninapokuwa na nguvu hiyo. Washa oveni iwe moto kabisa kabla ya kuiingiza, nyuzi 230 za Selsiasi, na uiweke juu ya wavu, si kwenye sinia, mvuke upate pa kutokea. Usiifungue nailoni ukaiacha mezani ikingoja. Ikianza kuyeyuka umeshaiharibu. Zile nene nunua zikiwa zimepunguzwa bei, na wakati una nusu saa ya kusubiri. Za dola kumi waachie wenye dola kumi.

Bi Rose alifariki mwaka 1994. Mgahawa wa Central Avenue haupo tena. Pizza yake bado ipo kwenye friza, kwa kawaida rafu ya chini kabisa, mahali pa kuinamia. Ukiinunua, au nyingine yoyote, igeuze kwanza uangalie kama kuna kadibodi.